Kopo la Mvua Chini ya Mkuyu

Nilipangiwa kufundisha shule ya msingi moja si mbali na Iyula, miaka ile sabuni ilipoanza kurudi madukani. Nilitoka kwetu Ileje, milimani, na sanduku la bati pamoja na kiburi cha kutosha darasa zima. Enzi hizo huku kote kulikuwa Mkoa wa Mbeya. Songwe lilikuwa jina la mto tu, na mtu angesema anatoka Songwe tungemuuliza kama ni samaki.

Mwaka wangu wa pili akaja bwana wa hali ya hewa na pikipiki ya serikali, akiwa amefunga nyuma kitu kilichoviringishwa gunia. Kilikuwa kipimamvua. Ukiondoa jina lake kubwa, lilikuwa kopo la bati lenye faneli juu na chupa ndani, pamoja na glasi nyembamba yenye mistari ya milimita. Alitueleza kwamba taifa linataka kujua mvua inanyesha kiasi gani kila mahali, kwa hiyo tupime kila siku saa tatu asubuhi, tuandike kitabuni, na kila mwisho wa mwezi tutume karatasi. Akasisitiza kopo liwekwe mahali pa wazi, mbali na miti na nyumba. Akala kuku wetu, akawasha pikipiki, akaenda zake.

Mwalimu mkuu alilizunguka lile kopo mara tatu, mikono nyuma. Alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi, wa kubisha hodi hata kwenye choo chake mwenyewe. Mahali pa wazi pale shuleni palikuwa uwanja wa mpira tu, na jua lilikuwa la mwezi wa kumi. "Chombo cha serikali," akasema, "kitakaaje juani?"

Hakuna aliyembishia. Kwetu huku mgeni hawekwi juani. Akija mkuu wa wilaya anatafutiwa kivuli, akija mchungaji anatafutiwa kivuli, hata ng'ombe wa mahari akifika anafungwa kivulini wakati wazee wanamkagua meno. Kopo lilikuwa limesafiri kutoka mjini kwa pikipiki ya serikali, nalo likapewa heshima yake. Tuliliweka chini ya mkuyu mkubwa uliokuwa mbele ya ofisi, tukalizungushia mawe yaliyopakwa chokaa. Mzazi mmoja aliyepita jioni ile alivua kofia. Sisemi uongo.

Kazi ya kupima nikapewa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyefundisha sayansi, na kwa sababu nilikuwa mwanamke na kila kazi isiyo na posho ilinijua kwa jina. Kila mwaka nilisimama mbele ya darasa la tano, nikachora kopo lile lile ubaoni, nikaandika chini yake: Kipimamvua huwekwa mahali pa wazi. Wanafunzi wakanakili. Kisha nikachukua glasi yangu nikaenda kupima mvua chini ya mkuyu. Msichana mmoja aliwahi kuniuliza mbona letu liko mtini. Nilimwambia akae chini.

Mkuyu ule ulikuwa na majani mazito. Mvua ndogo ziliishia juu huko huko, na kubwa zilifika chini zimepungua. Kuna asubuhi niliandika sifuri huku viatu vyangu vimeloa. Jumapili sikupima kabisa, maana mimi ni mtu wa kanisa, nikaipima ya Jumapili pamoja na ya Jumatatu kana kwamba mbingu nazo zimepumzika. Karatasi zilikwenda kila mwezi, na mjini hakuna aliyelalamika.

Ikapita miaka. Kisha kamati ya shule ikaamua kunijengea nyumba ya tofali za kuchoma, kwa kuwa ile ya udongo ilikuwa imeanza kunielemea upande wa kitanda. Matofali yanahitaji tanuru, na tanuru linahitaji kuni. Mkuyu ulikuwa karibu. Mkuyu si kuni za maana. Ulitoa moshi siku nne, kijiji kizima kikakohoa, na nusu ya matofali yakatoka mekundu upande mmoja na meusi upande wa pili. Ndiyo nyumba niliyoishi miaka yote iliyofuata, na nilikuwa naringa nayo. Mkuyu ukabaki kisiki, na kopo likabaki pale pale ndani ya mawe yake meupe, sasa likiwa mahali pa wazi kabisa kama kitabu kilivyotaka.

Masika ile kopo lilijaa. Kila mvua iliyoanguka ilianguka ndani yake. Niliandika tarakimu ambazo kitabu changu hakijawahi kuziona, na karatasi ya mwezi ikarudi kutoka mjini ikiwa na alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu na maneno mawili: Hii vipi? Nikajibu kwa adabu: Ndivyo ilivyo. Sikueleza habari za mkuyu, kwa sababu ningezieleza ningelazimika kueleza na ile miaka iliyotangulia, na mimi sikuwa nimezaliwa jana.

Laiti jambo lingeishia hapo, kati yangu na karani mmoja wa mjini. Lakini miaka hiyo hiyo biashara ya kahawa ilifunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao mpaka mashambani, kila mmoja akijifanya ndugu yako, na bei ikapanda mpaka watu wakaanza kuota kahawa. Aliyekuwa na miche mia alitaka elfu. Huko Itaka walikuwa wanapanda, Iyula walikuwa wanapanda, na sisi hatukutaka kuchekwa. Tatizo lilikuwa ardhi. Na ardhi pekee iliyobaki ilikuwa msitu wa chemchemi.

Msitu huo ulikuwa kwenye mteremko juu ya shule. Si mkubwa, ukipiga kelele upande huu unasikika upande wa pili. Chini yake ndipo ilipotoka chemchemi yetu, maji yakipita kwenye gogo la mti lililochongwa mfereji, mwaka mzima, kiangazi na masika. Tulikunywa hayo, tulioshea kahawa hayo. Zamani watu waliuogopa msitu ule. Walisema una wenyewe. Kisha makanisa yakaja, wachungaji wakapanda huko na ngoma na maombi, wakawafukuza hao wenyewe siku tatu mfululizo. Mashetani walipoondoka, shoka likaona njia ni nyeupe.

Ukaitishwa mkutano mkuu wa kijiji. Hoja ilikuwa kuugawa msitu vipande vya eka mbili mbili kwa watu watakaopanda kahawa. Bwana shamba alikuwa amekwisha kuahidiwa kipande. Mwenyekiti alikuwa na vipande vitatu, kimoja kwa jina la mama yake mzazi, marehemu. Na mimi, nisiwafiche, nilikuwa nimeahidiwa kipande cha chini, karibu na maji, chenye udongo mweusi ambao ukiushika unataka kuula.

Mtu mmoja tu alipinga. Alikuwa mama mpika pombe, jirani yangu wa nyumba ya tatu, mjane mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Komoni yake ilisifika mpaka Vwawa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuionja. Alisema mwenye duka la dawa hali dawa. Nadhani alikuwa mtu mzima pekee kijijini ambaye hakulewa hata siku ya Krismasi, lakini kwa kuwa wengine walilewa nyumbani kwake, yeye ndiye aliyeitwa mlevi.

Akasimama pale mkutanoni na kitenge chake amejifunga kiunoni. "Mimi sina shida na kahawa yenu," akasema. "Ila maji yale ndiyo pombe yangu. Nimejaribu maji ya mtoni, komoni inatoka chachu mpaka mtu analia. Mkiukata ule msitu chemchemi itakufa. Na ikifa msije kwangu mmekauka koo."

Watu wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye nilimwona kwa macho yangu akinywa kwake Jumanne, akasema hatuwezi kupangiwa maendeleo na kilabu cha pombe. Ndipo bwana shamba akasimama na kutoa hoja yake ya kitaalamu. Alisema miti ni walevi wakubwa. Mti mmoja unakunywa maji kutwa kucha. Tukiiondoa, maji yatakayobaki ni yetu. "Na ushahidi upo," akasema, akinigeukia. "Mwalimu anapima. Tangu ukatwe mkuyu wa shule, mvua imeongezeka au haikuongezeka?"

Kitabu nilikuwa nacho mapajani. Niliambiwa nije nacho.

Mama mpika pombe naye akanigeukia. Hakupaza sauti safari hii. "Mwalimu, wewe ndiye unayepima. Sema."

Nilijua. Nataka lieleweke hivyo, kwa sababu baadaye nimejaribu mara nyingi kujidanganya kwamba sikujua. Nilikuwa nimelifundisha jambo lile ubaoni mwaka hadi mwaka. Ningeweza kusema kwa sentensi moja kwamba kopo lilikuwa limefunikwa na mti, na sasa limefunuliwa, basi. Lakini kusema hivyo kungemwaibisha mwalimu mkuu aliyekaa kulia kwangu, kungenifanya mimi mwongo wa miaka mingi, na kungenipokonya eka mbili zenye udongo mweusi. Nikafungua kitabu, nikasoma masika ya mwaka uliotangulia na masika ya mwaka ule, milimita kwa milimita, kwa sauti ya darasani.

"Imeongezeka," nikasema.

Kila tarakimu niliyosoma ilikuwa kweli. Watu wakapiga makofi. Mama mpika pombe alinitazama kidogo, akajifunga kitenge upya, akaondoka kabla mkutano haujafungwa.

Msitu ulikatwa kiangazi kile kile. Magogo mazuri yakaenda kwa wapasua mbao, mabaya yakawa mkaa, na mkaa ukaenda Tunduma, ambako mji ulikuwa unakua kwa kasi na kila nyumba mpya ilikuwa na jiko lake. Nami nilipanda kahawa yangu. Miaka mitatu ya mwanzo ya mavuno ilikuwa mizuri, nikanunua redio kubwa na kuanza kuongea na watu kwa upole wa matajiri.

Kisha maji yakaanza kupungua kwenye lile gogo. Mwanzoni hatukusema, ilikuwa kama mtu anapoanza kuota mvi, kila mmoja anaona, hakuna anayetaja. Yakawa kidole. Yakawa uzi. Mwezi wa tisa mmoja yakawa tone, na wanawake wakaanza kupanga ndoo alfajiri wakitukanana kwa Kinyiha, lugha yenye matusi mazuri kuliko Kiswahili. Mwaka uliofuata hata tone halikuwepo.

Mvua nayo ikajifunza tabia mbaya. Ilikuja mapema siku moja, ya kudanganya, kahawa ikachanua yote kwa furaha. Kisha jua wiki tatu, maua yakakauka mtini yakawa kama unga wa tumbaku. Halafu ikarudi kwa hasira na kunyesha kwa siku mbili mvua ya mwezi mzima, ikauchukua ule udongo wangu mweusi, ikaushusha mtoni, sijui ukaenda kunufaisha nani huko Momba. Kichekesho ni kwamba nilipojumlisha kitabuni mwisho wa msimu, jumla haikuwa mbaya. Kopo halina habari kama mvua ilikuja kwa adabu au ilikuja kwa fujo. Mimi nilikuwa na habari, lakini hakukuwa na safu ya kuandikia.

Mama mpika pombe alijaribu kuendelea. Alinunua maji kwa watu wenye baiskeli, maji ya mtoni, na komoni ikatoka kama alivyosema. Wateja walewale waliomcheka wakaanza kumsema kwamba ameshuka kiwango. Siku moja niliona mapipa yake yako barabarani na yeye anafunga godoro. Nilitaka kutoka nje kumuaga. Nilisimama nyuma ya pazia la nyumba yangu ya tofali za rangi mbili mpaka gari lilipoondoka.

Miaka mingi baadaye, nikiwa karibu kustaafu, tukaletewa semina ya mazingira. Mtaalamu alikuwa kijana mwenye miwani, aliyekuja na kompyuta, pazia jeupe na jenereta, na kila aliyehudhuria alipewa soda na kalamu. Watu walijaa, kwa sababu ya soda. Nilikaa mbele kwa kuwa nilikuwa katibu wa semina, na kwa mara ya kwanza nikaelezwa kinaganaga kile ambacho nilikuwa nakipima miaka yote bila kukielewa.

Alisema mti haunywi maji ukayaficha. Unayavuta ardhini, unayatoa kwa majani, kama jasho. Jasho la msitu linapanda, linakuwa wingu, wingu linasukumwa na upepo, linanyesha mbele. Na msitu wa huko mbele unayainua tena maji yale yale na kuyasukuma mbele zaidi. Hivyo mvua inasafiri kwa kupokezana. Ukifyeka katikati, wa mbele anapokea upepo mkavu. Akatuonyesha picha ya misitu ya Kongo, kijani mpaka macho yanauma, akasema sehemu ya mvua zetu hutoka huko. Akatuonyesha na misitu ya Amerika ya Kusini. Akasema misitu mikubwa kama hiyo ikikatwa, si mvua ya jirani tu inayobadilika: ardhi iliyoachwa uchi inapata joto, pepo zinabadilisha njia, na mkulima wa bara jingine kabisa, ambaye hajawahi kuliona shoka lile, anakuta msimu wake umevurugika na hajui amshitaki nani.

 Nikaiweka soda yangu chini bila kuimaliza. Nilikuwa nafikiria mtu fulani asiyejulikana, huko mbele ya upepo wetu, anayesubiri jasho la kale kamsitu ketu.

"Sasa picha inayofuata," akasema yule kijana, "inahusu ninyi hapa." Na jenereta likazima. Mafuta yaliyotolewa kwa ajili ya semina yalikuwa yamepungua njiani, kama kawaida ya mafuta ya semina. Kijana alijaribu kueleza kwa mdomo, lakini watu walikuwa wamekwisha kusimama, tena wakiwa na nyuso za furaha ambazo sikuziona tangu bei ya kahawa ilipoanguka. Walikuwa wamesikia walichohitaji kusikia. Mwenye makosa alikuwa Mkongo.

"Kumbe!" mwenyekiti alikuwa anasema nje. Ni yule yule, amezeeka, bado na kiti chake. "Sisi tunalaumiana hapa bure, kumbe kuna watu wanatukatia mvua huko!" Mwingine akakumbusha kwamba malori ya magogo kutoka Kongo yanapita Tunduma kila siku, watu wanayaona. Basi hasira ikapata pa kwenda. Halmashauri ya kijiji ikaketi Alhamisi hiyo, na ikaazimia kuiandikia serikali ya Kongo.

Niliiandika mimi. Mwandiko wangu ndio ulioaminika. Juu kulia niliweka anuani ya kijiji, kushoto nikaandika "Serikali ya Kongo, Kongo," na katikati, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari kwa rula: YAH: KUTUKATIA MVUA. Chini nikaeleza kwa heshima zote kwamba husika na kichwa cha habari hapo juu, wananchi wa kijiji tajwa wamebaini kuwa mvua yao inakatwa ikiwa bado changa, na wanaomba zoezi hilo lisitishwe mara moja. Wajumbe wakataka tuongeze fidia. Mtendaji akataka nakala iende Zambia, kwa taarifa. Akagonga muhuri mara mbili kwa kuwa wa kwanza ulikosa wino. Nilifanya yote hayo kwa uso mkavu, na ndani nilikuwa nacheka, na chini ya kicheko kulikuwa na aibu, kwa sababu mimi pekee ndani ya kile chumba nilikuwa na kitabu, na kwa mara ya pili nilikuwa nasaidia uongo kwa mwandiko mzuri. Mtu akauliza nani ataipeleka. Wakanitazama mimi.

Ndivyo nilivyojikuta Tunduma saa sita mchana na barua mkobani. Malori yalikuwa yamepanga mstari kutoka mpakani mpaka usiweze kuona mwisho wake, na mengine kweli yalikuwa na magogo, magogo mekundu, manene kuliko mlango wa kanisa letu. Nilisimama pembeni yake nikayatazama. Mtu yeyote angejisikia mdogo. Nikamfuata dereva mmoja aliyekuwa amelala kwenye machela chini ya tela, Mkongo wa Lubumbashi, nikamsalimia, nikampa barua. Aliisoma yote, pole pole, akitikisa kichwa.

"Mama," akasema, "serikali ya kwetu? Miye mwenyewe sijaionaka." Akanirudishia kwa mikono miwili. "Lakini barua iko muzuri."

Nilimwambia ahsante. Nikaanza kurudi kati ya malori, jua linanichoma utosini, na hapo nikaisikia ile sauti ya kuita ng'ombe. "Maji! Maji baridi! Dereva, utakufa, chukua maji!"

Alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, amezungukwa na madumu ya njano. Nywele zilikuwa nyeupe. Tunduma hakuna maji ya kutosha mtu kunawa uso, na yeye alikuwa anayanunua kwa wenye mikokoteni na kuwauzia madereva. Aliponiona alisimama, akanivutia kiti cha plastiki.

"Mwalimu wangu! Karibu. Umepotea au umestaafu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, kaa kivulini."

Tuliulizana habari za watu, waliokufa na waliooa. Akaniuliza nimefuata nini, nikamtolea barua, nikamsomea. Alicheka mpaka akalazimika kushika dumu. Akataka nisome tena pale pa "ikiwa bado changa." Nikasoma tena. Akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kisha kicheko kikamwisha, na mimi nikaona nisipolisema sasa nitakufa nalo.

"Mama," nikasema, "ile siku ya mkutano. Mvua haikuongezeka. Kopo lilikuwa chini ya mkuyu, ule mkuyu ulikuwa unalifunika. Nilikuwa najua. Uliniambia niseme, nikasoma kitabu. Nisamehe."

Hakushituka. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kofi, nilikuwa nalistahili. Alinitazama tu, kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyefikia jibu mwisho wa muhula.

"Mwalimu, mvua ikitukuta pale shuleni tulikuwa tunakimbilia wapi?"

Hakusubiri nijibu.

"Kwenye mkuyu. Mwenyekiti alikuwa anajibanza pale. Bwana shamba na baiskeli yake pale. Wazee wa kanisa, mimi na debe langu kichwani, wote tumebanana pale, na tunatoka wakavu. Nani kijiji kile hakujua kwamba chini ya mkuyu hapanyeshi?"

Sikuwa nimewahi kufikiri hivyo. Miaka yote nilijiona kama mwenye siri.

"Sasa kama wote walikuwa wanajua," nikasema, "kwa nini uliniambia mimi niseme?"

Akachukua kifuniko, akakikaza kwenye dumu, akakaza na la pili.

"Sikutaka uwafundishe," akasema. "Nilitaka tuwe wawili."

Lori moja likapiga honi, mstari ulikuwa umeanza kusogea. Akabeba madumu mawili, moja kila mkono, akaenda kwa dereva. Mimi nikabaki kwenye kiti chake.